Mnyonya Damu Hakutumia Kahawa

Siku yule mnyonya damu alipomng'ata shingoni yule askari mpelelezi, na askari naye akakubali kumnyonya kifundoni mwa mkono, bibi yangu aliacha kupepeta kahawa, akaulaza ungo magotini, akasema, "Basi hawa hawaoani tena."

Msomaji nilikuwa mimi. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma kwa sauti ya huzuni kadiri ya uwezo wangu, na shangazi alikuwa ameshajifuta macho kwa pindo la kitenge. Tulikuwa tumengoja tangu kitabu cha nyuma, na cha nyuma yake, wawili hawa wafike hapo. Sasa wamefika, bibi anasema hawaoani.

"Kwa nini?" shangazi akamuuliza.

"Wameshachanjiana. Ni ndugu."

"Meno si wembe, mama."

"Damu imeingia huku, imeingia kule. Wewe unataka nini zaidi?"

Ndoa ya kwenye kitabu haikuninyima usingizi. Yangu ndiyo ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara ya kwanza, na ndiyo iliyoingia mashakani kabla kahawa ile haijaingia kwenye gunia.

Vitabu vyenyewe vililetwa na wifi yangu, mke wa kaka, aliyeolewa akitokea Bukoba. Alikuja na begi moja la nguo na boksi la vitabu, na waliporudi mjini kutafuta maisha alichukua begi akaacha boksi. Ni hadithi moja isiyoisha. Kila kitabu kinatangaza kingine nyuma yake, na mwandishi anaonekana hana mpango wa kuchoka. Vya mwanzo havikuwemo, kwa hiyo sisi watu wa Kanoni tulidandia katikati, na mpaka leo hatujui mnyonya damu alipataje kuwa mnyonya damu. Bibi alisema hilo si kitu, hata mwenyekiti wa kitongoji hatujui alipataje uenyekiti.

Mambo yanakwenda hivi. Kuna mji wa baridi. Kila kitabu kikianza, maiti inaokotwa haina damu hata tone. Askari mmoja wa kike, ambaye shangazi alimwita afande kwa heshima zote, anapeleleza. Anamshuku bwana mmoja mrefu, mweupe wa uso, mwenye umri wa miaka mia kadhaa na sura ya kijana. Bwana anasema si mimi. Afande anamwamini kwa sababu ya macho yake. Mwisho wa kitabu anakamatwa mtu mwingine kabisa, na mwanzo wa kinachofuata inaokotwa maiti nyingine.

Mimi si msomaji mzuri, niseme ukweli. Niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili sikukimaliza. Nikifika kwenye neno gumu huwa naliruka, au naweka jingine linalofanana na hali ya hewa ya pale. Kwa hiyo nisimsingizie mwandishi. Huenda aliandika mambo mengine, sisi tukasikia haya.

Tulisoma mchana, barazani, kahawa ikiwa imekauka na maganda yake na sisi tukichambua mawe, vijiti na punje zilizooza. Mikono ya bibi na shangazi ilifanya kazi, yangu ilishika kitabu, na shangazi alisema ni mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu kulipwa chakula kwa kukaa. Yeye kazi yake ilikuwa kutafuta muuaji, na muuaji wake siku zote alikuwa daktari.

"Daktari ndiye. Ana sindano."

"Shangazi, daktari kafa ukurasa wa juzi."

"Basi kuna daktari mwingine."

Nimtendee haki, kuna kitabu kimoja alipatia. Lakini alikuwa amemtaja kila daktari aliyepita, na mtu akirusha mawe yote barabarani, moja litampata mbuzi.

Bibi hakujali nani kaua. Alichojali ni tabia. Mnyonya damu yule alikuwa haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Hata kama ana njaa na mlango uko wazi, anasimama kizingitini. Bibi alimpenda kwa hilo. "Huyu kalelewa," alisema. "Vijana wa leo wanaingia mpaka jikoni, wanafunua sufuria, halafu ndiyo wanasema shikamoo."

Kijana wa leo aliyekusudiwa alikuwa mchumba wangu. Kwao ni upande wa Kyerwa, ng'ambo ya Kamuli, kwenye nyasi, ambako watu wanahesabiwa heshima kwa ng'ombe. Tulikutana mnadani. Mimi nilikuwa nauza chai na chapati, yeye kaleta ndama, akanywa chai mpaka nikaogopa kibofu chake. Kwetu sisi ni wakulima wa migomba na kahawa, Walutheri wa kurithi, na mfugaji kuja kuposa kulizua maneno kidogo. Mshenga alileta jina la ukoo wao na mwiko wao, wazee wakaridhika kwamba koo hazigongani, wakakunja mkeka. Baba yangu alishafariki, na neno la mwisho la mji ule ni la bibi.

Wiki moja kabla ya mng'ato ule, mchumba wangu alikuja na maziwa akatukuta tunasoma. Alisikiliza amesimama, fimbo mabegani, kisha akasema, "Huyo bwana hajui kazi."

"Kazi gani?" shangazi akauliza.

"Ya damu. Babu zetu walikuwa wakitoa damu ng'ombe. Unafunga kamba shingoni, mshipa unavimba, unapiga mshale uliozibwa usizame, unakinga kibuyu, unafungua kamba, unaziba jeraha, na ng'ombe anarudi malishoni. Humrudii huyo huyo mpaka apate nguvu. Huyu anamnywa mtu mmoja mpaka anakauka. Kesho atakula nini?"

Shangazi alisema huenda huko mjini kwao watu ni wengi. Mchumba akasema hata ng'ombe wakiwa wengi, mjinga ni mjinga. Kisha wakaingia kwenye habari za babu yake, ambaye bado yuko hai, na mchumba akasema kitu ambacho mimi sikukitilia maanani hata kidogo. Alisema kwao ni nyasi tupu, lakini babu ana kishamba cha migomba nyuma ya zizi, anakipalilia kwa mkono wake, na kisu cha mtu mwingine hakigusi. Machipukizi alipewa zamani na rafiki yake wa huku Kanoni.

"Ndizi gani?" bibi akauliza.

"Za pombe, bibi."

Bibi akaendelea kupepeta. Nikafikiri anauliza kwa sababu ya pombe.

Basi siku ya mng'ato, baada ya kutamka kwamba afande na bwana wake ni ndugu, tulibishana naye sana. Nilimwambia kitabuni ndiyo mapenzi yenyewe hayo. Bwana kachomwa kisu, anakufa, afande anampa damu yake apone. Kisha afande naye anataka kufa, bwana anampa yake. Ni zawadi.

"Ndiyo. Na babu yako alimpa mtu zawadi hiyo hiyo, na hawakuenda kulala kitanda kimoja."

Ndipo akatueleza omukago, undugu wa kuchanjia, ambao sisi tuliusikia juu juu tu kama mambo ya kale. Wanaume wawili wanakaa wakitazamana kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Kila mmoja anachanjwa pembeni ya kitovu. Linaletwa tunda moja la kahawa, linapasuliwa, na ndani mna punje mbili zilizolala pamoja kama watoto wa tumbo moja. Huyu anapaka punje yake damu yake, yule vivyo hivyo, wanabadilishana, na kila mmoja anaokota ya mwenzake kwa midomo kutoka kiganjani, anameza bila kutafuna. Shahidi anataja masharti: njaa yako ni njaa yangu, mlango wangu ni wako, nikifa utanizika, na atakayemkana mwenzake tumbo limvimbe. Kuanzia hapo watoto wao ni ndugu na wajukuu wao ni ndugu.

"Bibi," nikamuuliza, "na wanawake walikuwepo?"

"Wanawake hawaruhusiwi kabisa."

"Sasa wewe unajua mpaka aliyeokota kwa midomo."

"Niliambiwa."

Nikamrudisha kwenye kitabu. Nikamwambia mnyonya damu hakutumia kahawa, kwa hiyo haihesabiki. Bibi akasema kahawa huko kwenye baridi haioti, wametumia walichonacho. Aliokota punje moja mbovu, akaizungusha vidoleni, na alipozungumza tena hakuwa anazungumzia kitabu.

"Babu yako alichanjiana na mfugaji mmoja. Ng'ombe wa kwanza wa boma hili alitoka kwake, na machipukizi ya ndizi za pombe yalitoka kwetu kwenda kwake. Tulimjua kwa jina la utani tu, jina la rangi ya ng'ombe wake. Alihama na mifugo kabla baba yako hajaoa. Tukasikia yuko mbali kwenye nyasi."

Shangazi akaacha kuchambua. "Mama. Usiniambie."

"Sijasema. Nauliza. Mtu wa kwenye nyasi anapalilia migomba ya pombe nyuma ya zizi, ya rafiki wa Kanoni. Ni wangapi?"

Nilijitahidi kuwaza kwamba ni wengi.

Jioni ile nilimpigia mchumba simu. Kwanza alicheka. Kisha akaniomba nisubiri, nikasikia akimuuliza mtu kitu kwa Kinyambo, mlango ukafungwa, akarudi hacheki.

"Anasema rafiki yake ni babu yako," akasema. "Ametaja mpaka mti ulioko uani kwenu."

"Na kuchanjiana?"

"Sikuuliza. Niliogopa jibu. Kwa hiyo mimi ni kaka yako."

"Usiseme hivyo kwenye simu."

"Nikuite nani sasa?"

"Usiniite."

Siyo jibu la mchumba, najua, lakini sikuwa na jingine. Nilimpenda yule mwanaume. Nilikuwa nimeshaacha biashara ya chai, nimeshagawa sufuria zangu, na umri wangu haukuwa wa kuanza kunywesha mtu mwingine chai mnadani. Na bibi si mtu wa kupuuza. Asingeita mkutano wala asingelia. Angekaa tu siku ya ndoa akiwa na nguo zake za shambani, na mji mzima ungejua kwamba mwanamke huyu anakataa.

Shangazi alimpelekea mchungaji shauri letu. Mchungaji wetu ni mtu mwema na alijibu kwa wema. Alisema mambo ya chale ni ya giza, Kristo ameyafuta, na katika Kristo sisi sote ni ndugu. Shangazi alirudi na jibu hilo, bibi akalisikiliza lote.

"Kama sote ni ndugu katika Kristo," akasema, "yeye mke wake alimtoa wapi?"

Shangazi hakurudi tena kwa mchungaji. Bibi akatoa uamuzi wake: yule mzee aje mwenyewe, aseme mbele yake kama alichanjiana na mumewe au la. Akisema ndiyo, arusi imekufa. Akisema siyo, tutaona.

Alikuja Jumamosi asubuhi, nyuma ya pikipiki ya mchumba wangu, kofia imefungwa kwa kanga isipeperuke. Alikuwa mrefu, mwembamba kila mahali isipokuwa tumbo. Tumbo lilikuwa kubwa. Shangazi aliliangalia, akaniangalia, na nilijua anawaza ile laana ya kuvimba. Lakini tusimwonee mtu bure. Hata mchungaji wetu analo, na yeye hajachanjiana na yeyote.

Akasimama kizingitini mpaka alipokaribishwa. Hilo shangazi pia aliliona, akanibana kiwiko, na kwa sekunde moja yenye dhambi nilitaka kucheka.

Salamu zilikuwa za Kinyambo na zilikuwa ndefu, waliulizana mpaka habari za mvua. Nikangoja bibi aniambie nilete kahawa. Kwetu mgeni akishaketi anapewa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ikaanikwa, hata kama amekuja kukudai shamba. Bibi hakusema neno. Kikapu cha kahawa kilikaa pembeni yake na kifuniko chake, na mzee alikiona, akatazama pengine.

"Karibu," bibi akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili ya mashahidi. "Habari za miaka yote."

"Nzuri, mama."

"Mama? Zamani ulikuwa unaniita shemeji."

"Zamani nilikuwa mwongo."

Mchumba wangu akainua kichwa. Ilionekana njiani hawakuzungumza habari hiyo.

Mzee akaweka fimbo chini, akasema yote bila kusubiri kuulizwa. Ni kweli walikaa kwenye nyasi, yeye na babu. Ni kweli walichanjwa, kovu analo. Lakini punje hakuimeza. Aliificha shavuni, na walipotoka nje akaitema kwenye migomba.

"Kwa nini?" bibi akauliza.

"Niliogopa. Damu ya ng'ombe nimeinywa tangu sijaota meno. Ya mtu ilinishinda."

"Mume wangu alimeza yako."

"Alimeza. Nilimwona."

"Na ng'ombe uliyetupa?"

"Nilimtoa kwa aibu."

"Na migomba?"

"Nayo naipalilia kwa aibu."

Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo bila kutaka uvunjike. Mjukuu wake alikuwa anaangalia sakafu. Ni mtoto aliyelelewa akiambiwa babu yake ni simba, na sasa babu yake anajieleza mbele ya wanawake kuwa alitema mate kwenye migomba ya watu.

Bibi akaleta la mwisho, na nilijua lilikuwa limekaa tumboni mwake muda wote huo. "Alipokufa tulituma habari. Hukuja kumzika."

Vidole vya mzee vilitafuta fimbo pale chini na havikuipata.

"Asiye ndugu halazimiki kuja," akasema.

Shangazi ndiye aliyeingilia, na sijui hata leo kama alifanya makusudi au ilimtoka.

"Kwenye kitabu cha nyuma," akasema, "mnyonya damu alimnywa muuza duka, muuza duka hakumnywa yeye. Afande akauliza sasa huyu ni nani kwako. Akasema si mtu wangu, ni chakula tu. Kwa hiyo hapa baba yangu alikunywa, mzee hakunywa. Basi mzee alikuwa chakula."

Mzee akamtazama. Hakusoma kitabu kile wala hakujua afande ni nani. Lakini alitafakari hoja ile kwa uso wa mtu wa baraza, akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi nilikuwa chakula," akasema.

Mchumba wangu ndiye aliyeanza kucheka, kwa pua, akijizuia. Mimi nikafuata. Hata shangazi akajifunika mdomo. Mzee mwenyewe akatabasamu na jino lake la mbele lililobaki. Bibi hakucheka. Alimwangalia mzee shingoni, pale penye koo, kwa muda ambao mtu mwingine angeuona ni utovu wa adabu.

"Sawa," akasema. "Hakumeza. Hakuna omukago. Waoane."

Aliwasindikiza mpaka barabarani mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mwenyekiti wa kitongoji. Aliporudi akaketi, akavuta ungo.

"Alimeza," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nyumba ya nyasi, ukisukuma kidole unapata tundu. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Alimeza kama mtu."

"Uliambiwa au uliona?" shangazi akauliza.

"Niliona. Mwanamke haruhusiwi, kwa hiyo niliambiwa."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mzee mzima kajiita mwoga na mwongo, kajiita chakula, mbele ya mjukuu wake, ili mjukuu wake aoe kwetu. Halafu mimi nisimame niseme siyo, nilikuchungulia?"

Hapo mimi nikaingilia, maana shauri lilikuwa langu. "Bibi, kwa hiyo mimi na yeye ni ndugu?"

"Neno limeshatoka mbele ya watu. Hakumeza. Soma kitabu."

Nikasoma, lakini sikumbuki nini.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijapata kulipima likalala sawa. Bibi anaamini mzee alidanganya kwa ajili yetu. Inawezekana. Lakini nyumba za nyasi zilikuwa na moshi na giza, na tundu la kidole si dirisha. Mtu aliyeficha kitu shavuni naye humeza mate, na koo lake hupanda na kushuka kama la mwenzake. Kwa hiyo huenda mzee alisema kweli tupu, na bibi ndiye aliyemzidishia sifa. Au alidanganya, na uongo wake ndio unaoonyesha kwamba ni ndugu wa kweli, maana nani mwingine angejivua nguo hivyo kwa ajili ya watu wa boma hili. Katika hali hiyo nimeolewa na kaka yangu. Nikifika hapo huwa naacha, nakwenda kuteka maji.

Arusi ilifanyika. Bibi alivaa nguo zake nzuri, na mapema, ili kila mtu azione. Mchungaji alihubiri juu ya upendo na akagusia kidogo mambo ya giza, shangazi akakohoa. Tuliporudi nyumbani, kabla ya chakula, mzee aliomba aonyeshwe kaburi la babu. Liko ndani ya migomba, kama makaburi yetu yote. Nilimwona akivua kofia. Alikaa huko mpaka wali ukapoa, na upande wa bwana harusi wakaanza kuulizana mzee yuko wapi. Aliporudi magoti yalikuwa na udongo.

Alielekea viti vya wafugaji, bibi akamwita. Alimketisha upande wetu, kwenye kiti ambacho angekaa babu kama angekuwepo. Watu wa itifaki walisogea kumrekebisha, bibi akawatazama, wakakumbuka kazi nyingine. Kisha akafunua kikapu chake, akaweka kahawa kiganjani, akamnyooshea kiganja. Hakumwekea kwenye kisahani kama wageni wengine.

Mzee akainama, akaokota punje moja kwa midomo. Hakutafuna. Bibi alikuwa anaangalia koo lake, na mimi pia, na shela yangu nzima, nilikuwa naangalia koo la mkwe badala ya kamera. Likapanda, likashuka.

"Ahsante, shemeji," akasema.

Bibi akafunika kikapu, akaanza kulalamika kwamba wali una mchanga.

Yule bwana na afande wake, niseme kwa waliosubiri, hawajaoana. Wifi alitutumia kitabu kingine, maiti nyingine ikaokotwa, na wao bado wanaangaliana. Shangazi anasema mwandishi naye amegundua tatizo la undugu na hajui atokeje. Muuaji ni daktari.

Sisi tulipata mtoto wa kiume. Alipoanza kutoa udenda na kuuma kila kinachopita, bibi alituma niletwe Kanoni upesi, mtoto na mimi. Sikuuliza kwa nini. Mtoto anayeanza meno ya juu kwetu anaogopwa hata kama wazazi wake hawana neno, sembuse sisi. Nilimkuta barazani na kahawa ya msimu mpya. Alinawa, akamchukua mtoto, akamfungua mdomo kwa kidole, akapapasa juu, akarudia juu, kisha akapapasa chini. Mtoto akamng'ata.

"Chini," bibi akasema. Akamrudisha kwangu, akajifuta kidole kwenye kitenge, na akauliza tulikuwa tumefika ukurasa gani.